Shingo ya Bi Damaris na Wafalme Wawili

Majira yale ya baridi tulikaa wiki nyingi bila mfalme, kisha tukapewa wawili kwa mpigo, mume na mke. Na wakati huo huo shingo ya Bi Damaris Fulcher ilikuwa inavimba.

Naandika habari zake kwa sababu tulikuwa majirani wa kazi. Mimi nilishona viatu kibandani karibu na ngazi za mto, pale Westminster, London, penye Bunge. Yeye alikaa hatua chache mbele yangu na pipa lake la chaza, kisu mkononi na chupa ya siki miguuni. Wabunge walikula kwake wakiwa wamesimama, kabla ya kuingia kikaoni. Alikuwa mjane mwenye sauti kubwa. Mimi si msemaji, kwa hiyo tuliishi vizuri.

Ugonjwa wake huku kwetu unaitwa ugonjwa wa mfalme, na dawa yake kila mtu anaijua: mfalme anakushika shingo kwa mkono mtupu, kasisi anasoma maneno, unakwenda zako. Mama yake Damaris aliugua nchi ikiwa haina mfalme, zamani za vita, akafa akishindwa kumeza hata maji. Damaris alikuwa mtoto lakini alikumbuka. Uvimbe ulipomtoka chini ya sikio, akaomba nafasi ya kushikwa kasrini. Akapewa. Siku ilipokaribia, mfalme akakimbilia Ufaransa.

Akawasubiri wapya. Walipokwisha kuvishwa taji alivaa kitambaa safi akaniomba nimsindikize hadi lango la kasri. Askari alikuwa kijana mwenye mafua.

"Mfalme hagusi watu," alisema. "Anasema ni ushirikina."

"Nani kasema? Mfalme mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi niitie malkia. Yule ni binti wa aliyekimbia, damu ni ile ile."

"Malkia anatawala pamoja na mumewe, mama."

"Ndiyo maana nataka anishike."

"Lakini kazi zote za utawala ziko kwa mumewe."

"Sasa yeye anatawala nini?"

Askari akapenga kamasi. "Mama, mimi nalinda lango. Lango ni moja, hilo naliweza."

Tuliporudi aliniambia, "Fundi, wako wawili, na mimi sina hata mmoja." Nikainamia soli.

Mwaka mzima uvimbe ule uliongezeka. Ukazaa mingine, mpaka kichwa chake kikaegemea upande. Sauti ikapungua. Chakula akawa anakilainisha kwa mchuzi. Jumapili kasisi alituombea mfalme na malkia ambao Mungu ametupa, na Damaris aliitikia amina akiwa ameshika shingo.

Kabla ya Krismasi, Mheshimiwa Ambrose Thirkell, mbunge kutoka mashamba ya kaskazini na mteja wake wa kila siku, alikuja amechangamka. Wamepitisha sheria kubwa, alisema, na mfalme ameikubali.

"Kuanzia sasa mfalme hatozi kodi bila Bunge. Haweki jeshi bila Bunge wakati wa amani. Hasimamishi sheria bila Bunge. Ongeza siki."

"Na kugusa shingo?" aliuliza Damaris.

"Hilo hatukuliandika."

"Mheshimiwa, taji hili walipewa na nani?"

"Na sisi. Tulikaa, tukajadili, tukawapa."

"Kasisi anasema Mungu."

"Mungu pia. Kupitia kwetu."

Damaris akaweka kisu chini. "Basi limepitia mikononi mwenu. Nishike wewe."

Mheshimiwa alikuwa na chaza mdomoni. Alimeza bila kutafuna. "Bi Damaris, mimi ni mkulima wa kondoo."

"Kondoo huwashiki?"

Wachukuzi wa mizigo walishaanza kukusanyika. "Mshike, Mheshimiwa! Kura za watu huwa unazishika vizuri!" Mwingine akapaza sauti, "Vua glavu! Mfalme havai glavu!"

Nilimwona amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Lakini alimtazama Damaris, na Damaris hakuwa anacheka. Alikuwa amefungua kitambaa, na machozi yalimtoka. Mheshimiwa akavua glavu, akaweka vidole vyake juu ya uvimbe ule. Kisha akakwama, maana maneno ya kasisi hakuyajua. Akasema yale aliyoyazoea.

"Wanaoafiki Bi Damaris apone waseme ndiyo."

"Ndiyooo!" Nami nilisema, kwa sauti ya chini.

"Wasioafiki?"

"Siyo!" akajibu Gedge, mchukuzi mmoja mpenda mizaha, na watu wakaangua kicheko.

"Waliosema ndiyo wameshinda," alisema Mheshimiwa, akaingia kikaoni bila kulipia chaza.

Baada ya wiki chache ule uvimbe mkubwa ulipasuka, ukatoa usaha, ukakauka. Midogo nayo ikanywea. Akaanza kumeza mkate mkavu. Ulibaki mmoja tu nyuma ya sikio, mgumu kama kokwa, na Damaris alijua ni wa nani.

"Huu ni wako, Gedge! Nenda kaifute ile siyo yako!"

"Dada, nilikuwa natania!"

"Natembea na utani wako shingoni!"

Gedge akasema ndiyo mbele yetu sote, kofia mkononi. Kokwa halikusogea. Damaris akaniuliza kama kura ikishapigwa mtu anaweza kuibadili. Sikujua. Nilimwambia amngoje Mheshimiwa aje kula chaza kesho.

Siku iliyofuata, mwezi wa pili, tulikuta milango ya Bunge imefungwa. Mlinzi alisema Bunge limevunjwa, wabunge wamerudi makwao, na Mheshimiwa Thirkell ameondoka na gari la farasi tangu asubuhi.

"Limevunjwa na nani?" Damaris aliuliza.

"Na mfalme."

"Mfalme gani? Yule waliyemweka wao?"

"Huyo huyo."

"Anaweza?"

"Kashalivunja, mama."

Alisimama pale akipapasa nyuma ya sikio. Akanigeukia, nami nikatazama viatu vyangu. Kisha akarudi kwenye pipa, akaanza kufungua chaza, ingawa siku ile hapakuwa na mbunge wa kuzila.