Guanyin Ukutani kwa Maman

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu ya wivu, naisema mapema nisiwachoshe. Ilunga na mimi tulichora watakatifu kwenye kuta za makanisa, na mkono mzuri ulikuwa wangu. Yeye akahamia Brussels. Mwaka 2011 akamtumia maman yangu foto kubwa ya kazi yake: Guanyin, yule mwenye huruma wa Wabudha, juu ya hariri, uso unang'aa kama una taa ndani. Maman akaitundika juu ya Bikira Maria niliyemchora mimi. Juu yake, jamani! Nikamwambia, "Nitakuletea yangu, utaitoa hiyo."

Dada yangu anayekaa Saint-Gilles, hukohuko Brussels, akanialika, visa ikatoka.

Asubuhi ya kwanza Ilunga alinipeleka Chaussée de Wavre, barabara ya maduka ya Wakongo, kununua majani ya fumbwa na samaki wa chumvi. Kila hatua watu wanamwita, "Maître! Maître!" yaani fundi mkuu. Mimi nimebeba mfuko. Roho iliniuma hata njaa ikaisha.

Siku ya tatu tulikwenda mtaa wa Forest, kwa Madame Lin, Mchina anayefundisha kunakili picha za mahekalu ya enzi za wafalme wa China. Hariri ilivutwa kwenye fremu, nyembamba, unaona vidole vyako upande wa pili. Ilunga alikuwa akimalizia Guanyin mwingine.

"Uso ule ni kazi ya nusu saa," nikasema.

"Bon, jaribu," akajibu Ilunga, akanipa fremu ndogo.

Nilipaka kama tunavyopaka ukuta: nyeupe nzito, mara tatu. Ilipokauka, mistari ya wino ilikuwa imezama, na uso umekuwa wa mtu aliyetoka kusaga mihogo. Madame Lin akaitazama, akaenda kuosha brashi zake. Heri angecheka.

Ilunga akageuza fremu yake. Nyeupe yote ilikuwa nyuma! Mbele palikuwa na wino tu, na wekundu kidogo mdomoni. Rangi ya nyuma ndiyo iliyokuwa ikipenya katikati ya nyuzi.

"Kumbe ulijua, ukaniacha niharibu?"

"Miye pia niliharibu, miaka mbili. Alors, ningekuambia, ungenisikia?"

Nisingemsikia. Hilo lilinikera zaidi.

Wiki mbili zilizofuata niliharibu fremu sita, madoa matupu.

Siku ya kurudi, pale kituo cha treni cha Gare du Midi, Ilunga alinipa kitu kilichoviringishwa. "Ya Maman." Ilikuwa ile hariri aliyoimaliza. Nikatafuta jina lake, halipo.

"Wachoraji wa yale mahekalu hawakuandikaka jina," akasema. "Miye pia siandikake."

Lubumbashi, Maman aliikunjua akashika mdomo.

"Ni weye ulichora hii?"

"Ni miye, Maman." Jibu lilitoka kabla sijalifikiri.

Akapanda kiti, akaitoa foto ya Ilunga. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Halafu akamshusha na Bikira Maria.

"Huyu aende jikoni," akasema. "Wakati ule ulikuwa haujajua kuchora."

Nilichojifunza Brussels ni kwamba nyeupe hupakwa nyuma. Kila Jumapili wageni hukaa mbele ya ukuta ule wakimsifu mchoraji, nami namwonea wivu. Chai yangu nakwenda kunywea jikoni, karibu na Maria wangu.