Muuza Baiskeli Aliyenipima Mtoni

Watu wakinisikia nikihadithia jambo hili, la kwanza huniuliza siku ile nilikula nini. Nilikula muhogo kwa papa, kama walivyokula nusu ya watu wa Unguja mchana ule. Sikuwa na homa. Sikuwa na usingizi. Jua lenyewe lilikuwa halijatua. Nakwambia mapema ili usije ukanitafutia udhuru katikati ya maneno. Yalinipata mimi, kwa mwili wangu huu, na Mwenyezi Mungu ni shahidi.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini. Mimi kijana, mwalimu, nimeoa karibuni, nakaa Malindi na mke wangu Zuwena. Nikapelekwa skuli ya shamba, mbele ya Bububu. Asubuhi gari la shamba ama limejaa ama limeshapita, na jioni nilirudi kwa miguu mara nyingi kuliko kwa gari. Nikifika nyumbani Zuwena ananiwekea beseni la maji ya moto na chumvi, natumbukiza miguu, na yeye anageuza uso asiyaone malengelenge. Nikasema basi, lazima ninunue baiskeli.

Wewe waona kununua baiskeli ni jambo jepesi? Mimi ni mfupi. Kiwiliwili changu ni cha mtu wa kawaida, lakini miguu nilipunjwa. Darajani palikuwa na muuza baiskeli, Bwana Kanji, Mhindi wa makamo, mtu wa maneno machache. Akanitolea baiskeli nyeusi, mpya, inanukia mafuta na mpira. Akanambia niivuke nisimame, bomba la juu liwe baina ya mapaja.

"Kanyaga chini kwa visigino, Mwalimu. Visigino!"

Sikuweza. Nilisimama kwa ncha za vidole kama mtu anayechungulia dirisha la jirani.

"Hii si yako," akasema. "Leo itakupa raha, kesho itakuvunja mgongo. Siku utakayofunga breki kwa ghafla, utalia." Akanieleza kwamba nikikaa juu ya kiti, pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki na mkunjo kidogo. Mikono ikishika usukani, viwiko visikaze. "Mrefu anapata kila duka. Kwa miguu yako lazima niagize nje, na ya kuagiza ni ghali."

Aliponitajia bei nilicheka. Mshahara wangu usingeifikia mwaka ule wala wa pili yake. Niliyoimudu ilinizidi kimo, na iliyonifaa sikuimudu. Nikamshukuru, nikatoka.

Basi, alasiri moja nimetoka skuli, nnakuja zangu mjini na koti langu begani. Nilipofika Mtoni jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minazi, lakini bado kweupe. Nikaona baiskeli imeegemezwa kwenye ukuta wa magofu ya kasri. Rangi yake ya kijani, kijani cha maji ya kisima. Pembeni yake amesimama mtu. Amevaa kanzu nyeupe safi, mikono ya kanzu mirefu imefunika viganja vyake. Uso wake ulikuwa wa mtu unayedhani mlikaa mkeka mmoja harusini.

"Assalaam alaykum, Mwalimu."

"Waalaykum salaam." Amenijuaje? Nikajiambia, ameona chaki kwenye koti.

"Umechoka kwenda kwa miguu. Hii naiuza. Hebu ijaribu."

"Sheikh, mimi sina fedha ya baiskeli."

"Ulichonacho kitatosha," akasema. "Kwanza tuone kama yenyewe inakutosha."

Nikaivuka. Visigino vyote viwili vikakaa chini. Nikapanda kwenye kiti, nikazungusha pedeli, goti likakunjika pale hasa lilipotakiwa kukunjika. Usukani ulikuja mikononi mwangu, sikuufuata. Nilijiona kama nimevaa nguo iliyoshonwa na fundi anayenijua toka utotoni. Nakwambia kweli, nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Ubaya wa jambo lile ulikuwa hapo, kwamba sikuona kitu cha kutilia shaka.

"Tulia nikupime," akasema. "Nisije nikakuuzia kisicho chako."

Akachutama upande wangu wa kulia. Mimi nimekaa kwenye kiti, mguu wa kushoto chini, wa kulia kwenye pedeli. Akautoa mkono wake ndani ya kanzu, nikahisi kidole gumba kimegusa kisigino changu, baridi kama sakafu ya msikiti alfajiri. Unajua mtu anavyopima kwa shibiri: anatanua kiganja, anaweka, anahamisha, anaweka tena. Nikangoja ahamishe.

Hakuhamisha. Kiganja kilitanuka. Kikaendelea kutanuka. Nikahisi vidole vinapanda kwenye kigimbi, vinapita nyuma ya goti, vinapanda paja, taratibu, bila kubonyeza. Kidole cha mwisho kikaja kutua kwenye mfupa wa nyonga yangu. Nikaangalia chini. Kidole gumba bado kilikuwa kwenye kisigino.

"Shibiri moja," akasema, kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa dukani. "Wa kulia, shibiri moja. Lete wa kushoto."

Ungefanya nini? Nilichoweza ni kukanyaga pedeli, na baiskeli ikaondoka kama iliyokuwa ikingoja hilo. Nikashika njia ya mjini. Nyuma yangu sikusikia nyayo, sikusikia kanzu kupepea, lakini sauti ilikuwa pale pale sikioni, haihemi:

"Mwalimu. Wa kushoto bado."

Nikafunga breki, hazikushika. Nikaacha kukanyaga, pedeli zikaendelea kuzunguka na miguu yangu juu yake. Halafu usukani ukageuka wenyewe ndani ya mikono yangu, polepole, tukaiacha barabara, tukarudi kuelekea magofu, mahali ambapo ukuta una pengo. Ndani ya pengo lile palikuwa na kiza ambacho nje hakikuwapo bado. Nikasoma nilichokikumbuka cha Kuruani, nikajitupa.

Nilianguka kwa bega. Nilipoinua kichwa niliiona baiskeli inakwenda peke yake, imesimama wima, pedeli zinazunguka. Ikaingia kwenye pengo, sikuisikia kugonga kitu. Mwenye kanzu hayupo.

Watu waliokuwa wakienda kusali magharibi ndio walioniokota. Nikawaambia, iangalieni baiskeli ndani ya ukuta. Wakaingia, wakatoka. "Baiskeli gani, Mwalimu? Humu mna magugu tu."

Nililala na homa. Nilipoinuka kitandani nikapepesuka, nikashika ukuta. Nikadhani ni udhaifu. Zuwena akanilaza chali, akaiweka miguu yangu pamoja, akaitazama, kisha akaifunika kwa shuka na kukaa chini akilia. Wa kulia ulikuwa umeupita wa kushoto. Daktari alinipima kwa utepe wake akasema nimezaliwa hivyo, watu wengi wako hivyo na hawajijui. Mke wangu akamjibu, "Daktari, mimi namjua mume wangu."

Ingeishia hapo ningeshukuru. Lakini Zuwena alikuwa na binamu yake, Haji, mwashi wa Kiembe Samaki, jitu refu, mchangamfu, ukimsikia anacheka umeshajua yuko mtaa gani. Alikuja kunitazama mgonjwa. Nikasikia kengele ya baiskeli nje, nikachungulia dirishani.

Kijani cha maji ya kisima.

Ilikuwa ni ile ile, niamini. Na mimi ninayejua kwamba ilinikaa mimi na ufupi wangu, nikamwona Haji na urefu wake amekaa juu yake, goti lina mkunjo wake, viwiko vimelegea. Imemkaa sawasawa.

"Umeipata wapi?" nikamwuliza, hata salamu sikumpa.

"Kwa muungwana mmoja, njia ya Mtoni. Shemeji, utadhani kaitengeneza kwa ajili yangu! Na hakutaka makubwa, kapokea nilichokuwa nacho."

"Alikupima?"

"Alinipima. Miguu yote, mikono yote, mpaka mgongo."

"Kwa kitu gani? Kwa utepe au kwa kamba?"

Haji akafikiri. "Wallahi sijui. Sikumtazama. Nilikuwa naitazama baiskeli."

Nikamweleza yote. Nikamwonyesha miguu yangu. Akacheka kile kicheko chake, akanambia homa imenipanda kichwani, akaondoka anapiga kengele mpaka mwisho wa uchochoro.

Aliporudi, baada ya wiki kadhaa, hakupiga kengele. Alikuja akiikokota. Zuwena alifungua mlango, akarudi nyuma hatua moja. Haji aliinama sana kuingia, na mlango wetu ule hajawahi kuuinamia hivyo. Kanzu yake iliishia kwenye vigimbi. Mikono yake ilikuwa imetoka nje ya nguo, mirefu, na hakujua pa kuiweka.

"Shemeji," akasema, "nguo zangu zinapungua. Kitanda hakinitoshi. Sandali hazinitoshi. Mwiko wa kazi nikiushika ni kama kijiko cha mtoto. Nimeitupa baiskeli mara kadhaa, asubuhi naikuta imeegemea mlangoni. Na nikiikalia, inanitosha. Ndicho kitu pekee kilichobaki kinachonitosha."

Zuwena akamshika mkono akamwambia, "Haji, ndugu yangu, irudisheni kwa mwenyewe. Leo leo, na jua hili."

Tukaenda, mchana mweupe, mimi na mkongojo wangu na yeye akiikokota. Barabara ina watu, ina punda, ina magari ya nazi. Tulipofika kwenye ukuta wa magofu Haji akaiegemeza mahali pale nilipomwonyesha, akasema, "Chukua chako, nami nipe changu."

Nyuma ya ukuta sauti ikajibu, upole ule ule, karibu sana, kama mtu aliyeegemea upande wa pili:

"Ishauzwa, Haji. Nami nshalipwa."

Hatukukimbia. Mimi sikuweza, na Haji alisimama tu, mikono inaning'inia. Kisha akaichukua baiskeli, akaipanda, akanambia, "Rudi nyumbani, shemeji. Mwangalie Zuwena." Alikuwa hanitazami. Alikuwa anautazama usukani.

Siku chache baadaye alimwambia mkewe anakwenda Paje kwenye kazi ya ukuta. Paje hakufika. Waliokuwa njiani siku ile walisema walipitwa na mtu juu ya baiskeli ya kijani, mrefu kuliko mtu, magoti yake yanapanda mpaka karibu na mabega. Walimpa salamu, hakuitikia. Mmoja wao, bibi aliyekuwa akitoka kukata kuni, alisema mtu yule alikuwa analia, na mdomo wake haukufunguka.

Tulimtafuta mpaka tukachoka. Maiti ya kuzika hatukupata. Mkewe aligawa nguo zake kwa watu, na ajabu ni kwamba zile za mwisho, alizomrefushia kwa mkono wake usiku na mchana, hakuna aliyethubutu kuzipokea.

Mimi ni mzee sasa. Mguu wa kulia fundi viatu anaujua, na wa kushoto anautilia soli nene. Mjini sishangai tena mtu akiniita kiguru. Lakini nikiwa peke yangu uchochoroni nikasikia pedeli inazunguka nyuma yangu bila mtu kuhema, nasimama, naegemea ukuta kwa upande wangu wa kushoto, naubana mguu ule ambao hakuupima kwenye jiwe mpaka ipite. Mara nyingine huwa ni baiskeli ya mtu. Mara nyingine hakuna kinachopita.

Basi nakuomba wewe unayenisikiliza. Ukikutana na kitu kizuri njiani kinachokukaa kila mahali, na mwenyewe anakwambia tulia nikupime, usimwulize bei, usimwambie jina la baba yako, usimpe hata mkono. Ondoka kwa miguu yako, maadamu bado ni yako.