Midomo ya Marehemu Mama

Mtaa mzima ulimwita Mama Viini, na yeye aliuchukia mtaa mzima bila upendeleo. Rangi za dukani aliziita uji. Za kwake alizitengeneza kama marehemu mama yake alivyomfundisha, kwa makofi: anapasua yai, anahamisha kiini kutoka kiganja hiki hadi kile mpaka ute uishe, anakitoboa, kisha anakikoroga na maji na udongo mwekundu uliosagwa. Ole wako umsemeshe wakati huo.

Ila aliyemchukia kupita wote alikuwa mdogo wake, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Chanzo ni ile picha ya mama yao ambayo Mama Viini aliichora ubaoni mwaka jana, midomo imebanwa kama mfuko wa bahili.

"Mama alikuwa anacheka, dada," fundi alilalamika.

"Na wewe labda. Mimi alikuwa ananicharaza."

"Mtie tabasamu, au mimi sina dada."

"Basi huna."

Wakapeana visogo mwaka mzima. Halafu jana Mama Viini akamwona kibarazani akitunga uzi, naye kabana midomo vilevile kama mama pichani. Moyo ukamlegea, akajichukia kwa hilo. Akapasua yai, akapaka tabasamu jembamba juu ya ile midomo ya zamani, akafunika ubao kwa kitambaa kwa sababu ya nzi. Angemwita leo.

Lakini asubuhi alimwaga nje maji ya kuoshea vibakuli, yakaruka mpaka kwenye suruali ya mteja wa fundi. Fundi aliingia amepandwa na mori, tambara bichi mkononi. Alinyofoa kitambaa na, bila hata kutazama, akausugua uso wa mama yake kwa nguvu zote.

"Acha!" Mama Viini alimrukia, akachelewa. Kiini cha mwaka jana kilishakuwa kigumu kama kucha. Cha jana kilikuwa bado.

Fundi akarudi nyuma akihema. Mama pichani alimkodolea macho, midomo imebanwa, sasa inang'aa kwa kusuguliwa.

"Hata kufutika hafutiki! Mkaidi kama wewe!"

"Tazama tambara lako."

"Lina nini?"

"Tabasamu ulilolitaka. Nilimtia jana, kwa ajili yako."

Fundi alilikunjua tambara, akaona mstari mwekundu.

"Mtie tena, dada."

Kapu la mayai lilikuwa mezani, limejaa.

"Toka," alisema Mama Viini.