Mpishi wa Bakteria

Maabara nzima walimwita Mpishi, naye hakukasirika, maana kazi yake kwa miaka ishirini na sita ilikuwa kuwapikia bakteria. Jeli ya mwani, damu kidogo ya kondoo, moto wa wastani. "Wageni wangu hawasemi asante," alikuwa akitania, "ila chakula hawaachi."

Safari hii mgeni alitoka kwenye choo cha mjukuu wa mdogo wake. Mtoto alikuwa wodini siku ya nne, anaharisha damu, homa haishuki, dawa mbili zimegonga mwamba. Na kwa kuwa alishinda kwenye banda la kuku wa nyama wa bibi yake, kinyesi cha kuku nacho kilioteshwa kwenye kisahani chake cha jeli.

Juu ya kila kisahani huwekwa vikaratasi sita, kila kimoja na dawa yake. Dawa ikifanya kazi, bakteria hufa na kuacha duara tupu.

Asubuhi Mpishi akafungua kabati la joto. Mama yangu! Kwenye vikaratasi vitano bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni, wanene, raha mustarehe. Kisahani cha kuku, vilevile, utadhani pacha. Viumbe wasio na macho wala kichwa, waliozaliwa jana, wanakula huku sumu ikiwa ubavuni! Aliwaogopa, na Mungu amsamehe, aliwavulia kofia.

Kikaratasi cha sita ndicho pekee kilichokuwa na duara, pana, safi. Akatoka mbio kumtafuta daktari.

Mdogo wake alikuwa koridoni. "Kuku unawapa dawa gani?" Mpishi akamuuliza.

"Dawa ya nini, dada? Hawaumwi. Nawatilia vitamini tu kwenye maji, tangu wakiwa vifaranga."

Akamtajia jina la vitamini hiyo. Mpishi akamkatiza. "Hiyo si vitamini, mdogo wangu. Imo kwenye zile tano."

Dawa ya sita ikaingia mshipani. Siku ya pili homa ikashuka, mtoto akadai uji, na bibi zake wawili wakalia bila aibu.

"Ile nimeitupa, dada," mdogo wake akasema akijifuta machozi. Akatoa chupa kwenye mkoba. "Muuzaji kanipa vitamini mpya, kali zaidi. Hebu nisomee, maandishi madogo mno."

Mpishi akavaa miwani. Akasoma mara mbili. Ilikuwa ile ya sita. Kifuniko kilikuwa kimeshafunguliwa.

"Umeanza lini kuwapa?"

"Jana jioni."