Spika Yetu Msibani Kilema

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kama ya juzi. Nilikuwa msichana wa kwaya ya kanisa kijijini kwetu Kilema, mdomo mkubwa, akili kiduchu. Ndiyo miaka ile vitu vya nje vilipoanza kumiminika Moshi mjini, nasi kwaya tukanunua spika na jenereta. Weee! Nani angetuambia kitu?

Akafariki Aloisi, mtoto wa pekee wa jirani yetu, Mama Aloisi. Alikuwa dereva mjini, akaoa Mwislamu, akasilimu, akaitwa Abdallah. Wenzake wa msikitini, pamoja na shehe wao, wakamleta azikwe kwenye kihamba cha kwao, kati ya migomba na kahawa. Mwalimu wetu wa kwaya akasema, "Huyu kabatizwa hapa. Haendi kaburini bila wimbo." Basi tukabeba spika yetu.

Shehe alipoanza dua kaburini, jenereta likanguruma, nasi tukapaza sauti. Mama Aloisi alikuwa mkekani nyuma ya nyumba, pamoja na mkwewe, mjane wa Aloisi. Akainuka, akatujia akichechemea.

"Zimeni hilo! Mmekuja kunifariji au kushindana? Mwanangu anaombewa, nami sisikii hata neno moja!"

Tukazima. Loo, aibu gani ile! Dua ikaendelea, wanaume wakaitikia amina taratibu, na mama akasikiliza mpaka mwisho huku machozi yakimtoka. Mwalimu wetu akachuma jani la sale, akamkabidhi shehe kwa mikono miwili. Kwetu Wachaga jani hilo ni kuomba radhi, na halikataliwi. Shehe naye alikuwa Mchaga, mtu wa Kirua, akalipokea. Kisha akamgeukia mama.

"Shikamoo, mama. Sisi tumemaliza. Kama una lako la kumwambia mwanao, tutakaa."

Mama akaimba. Peke yake, kwa Kichaga, wimbo wa Bikira Maria alioutumia kumbembeleza Aloisi akiwa mchanga. Sauti ilimkauka, akaanza upya. Wale wenye kofia walikaa chini, hakuna aliyenyanyuka. Mkwewe akamshika mkono. Nililia mimi, nakwambia!

Mwanangu, siku hizi kila nyumba ya ibada ina spika. Imba dini yako kwa moyo wote, usimwonee haya mtu. Lakini mwenzako akianza kuomba, nyamaza umsikilize. Mungu akujalie koo zuri, na masikio mazuri zaidi. Na siku yako ya kulia ikifika, akupe majirani watakaokaa mpaka umalize kuimba.