Siku Bibi Alipokwenda Kuutazama Mji

Wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo kununua vitambaa vya mapazia, nikaupita mtaa niliokulia bila kuutambua. Ilibidi nirudi nyuma hatua kadhaa. Pale ilipokuwa nyumba ya bibi, ya vyumba sita na ukumbi katikati, sasa kuna ghorofa la vioo, na chini wanauza simu. Nilisimama pale mpaka muuzaji mmoja akaniuliza, "Dada, karibu, unatafuta nini?" Nikamwambia vitambaa vya mapazia, nikaenda zangu.

Wewe uliyekulia mitaa ile utanielewa. Asubuhi zetu zilianza kwa harufu ya iliki na mafuta ya moto. Bibi alipika vitumbua barazani, mimi nikikaa juu ya mbuzi kukuna nazi, huku mikokoteni ikipita na wasukumaji wakipiga kelele wapishwe njia. Bibi alimjua kila mpita njia kwa sura. Ndiyo maana siku alipomwita jirani yetu kwa jina la mtu mwingine, kweupe kabisa, nilishtuka.

Hospitali walimwambia ni presha ya macho. Nuru iliyokwisha kwenda hairudi, na iliyobaki itakwenda polepole. Alirudi nyumbani, akauacha uji wake ukapoa. Kisha akasema, "Nimekaa mji huu tangu nazaliwa, na sijaona hata kimoja katika vile ambavyo wageni wanapanda ndege kuja kuviona. Nitaviona kabla macho haya hayajafumba."

Jirani yetu, mama aliyetoka Moshi, mwenye duka la jumla, akacheka kwa upole. "Bibi, makumbusho si ya watalii hayo?"

"Mwanangu, hao watalii wanakuja kutazama kwa nani? Si kwangu?"

Safari ya kwanza tulifika Mnazi Mmoja tu, goti lake likakataa. Tulikaa kwenye majani tukala vitumbua tulivyobeba, tukarudi. Safari ya pili mvua ya masika ilitukuta njiani. Jangwani kulikuwa kumejaa maji tangu alfajiri, na mitaa yetu ikageuka mito. Tulirudi kanga zimetugandama mwilini, mimi nalia. "Bibi, tuache tu," nikamwambia.

"Nikiacha leo, kesho sitaona hata mlango wa kutokea. Kaanike kanga."

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi. Jirani alitutazama tukivaa viatu, akatikisa kichwa, kisha akafunga duka lake, Jumamosi ile yenye wateja, akaja kumshika bibi mkono wa pili. Tulikwenda taratibu kama maharusi. Kwenye Mnara wa Saa bibi aliniuliza saa ngapi pale juu, nikamsomea. Tukaendelea mpaka kwenye sanamu ya askari aliyeinamisha bunduki, katikati ya barabara. Magari yalipopungua tukavuka. Bibi akasogea karibu sana, akapapasa jiwe, vidole vikagusa maandishi.

"Hapa pameandikwa nini?"

Nikamsomea. Sanamu ile ni ukumbusho wa waliopigana vita vile vikuu vya kwanza vya Wazungu, na maandishi yanawataja pia wapagazi waliolibebea jeshi mizigo. Nilipofika kwenye neno "wapagazi", bibi akanishika bega kwa nguvu.

"Rudia."

Nikarudia.

"Baba yangu," akasema. Basi ndipo nilipojua. Baba yake alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, akarudi bega moja limeshuka, na maisha yake yote hakusimulia neno. Hata jina Kariakoo, jirani akatukumbusha, limetokana na jina la Kizungu la jeshi hilo la wapagazi. Bibi alikuwa amepita karibu na sanamu ile miaka yote, akidhani ni ya mkubwa fulani. Alijifunga kanga upya kiunoni, akasema, "Haya, tunaenda. Kuna mengine."

Makumbushoni tulimkuta mlinzi mpole. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, karibuni." Bibi alilitazama fuvu la mtu wa kale kupitia kioo, akasema ana meno mazuri. Kwenye bustani ya mimea alisimama mpaka tausi akafungua mkia, na rangi zile, aliniambia, aliziona zote.

Mwaka uliofuata hakuona tena. Lakini aliendelea kupika vitumbua kwa kusikiliza mlio wa mafuta, na kila mteja alisimuliwa safari yetu, chumvi ikiongezeka kidogo kila mara. Mpaka anaondoka duniani, tausi walikuwa wamefika kumi.

Baraza halipo, jirani alihamia Mbezi, na nyumba za mabati za mtaa ule zinahesabika kwa vidole. Siwezi kuzirudisha. Ninachoweza ninakifanya: kila likizo nawatoa wanangu kwenda kuutazama mji wao, kwa miguu. Wanalalamikia jua, wanalalamikia vumbi. Juzi mdogo aliniuliza kwa nini tusiangalie picha tu kwenye simu. Nikapiga goti, nikamfungia kamba za viatu, tukaondoka.