Ulezi Kwenye Lami ya Mtoni

Jamani, mimi nimewahi kuuchukia ulezi. Nafaka kabisa. Niliuchukia kama mtu na mke mwenza.

Msinicheke kwanza.

Mwaka jana nesi aliniambia sukari imepanda, nitembee nusu saa kila siku. Nikasema poa, si huku kwetu Kizwite wametuwekea ile njia ya lami kando ya mto, ya waenda kwa miguu na baiskeli? Nikanunua raba za pinki.

Asubuhi ya kwanza sijapiga hata hatua mia, nakuta njia imezibwa. Ulezi umeanikwa juu ya lami, ukingo hadi ukingo.

Pembeni kakaa mama mmoja mtu mzima, anaugeuza kwa mkono. Ni Bertilla, mpika pombe wa mtaa wa pili, ingawa jina lake nililijua baadaye.

Hata shikamoo sikumpa.

"Wewe mama, hii ni njia au uwanja wa kuanikia?"

"Pita majanini, binti. Hiki ni kimea. Kwangu uwanja ni wa udongo, kikiingia mchanga kimeharibika. Hapa lami inashika joto."

Kimea, kwa wasioijua pombe yetu, ni ulezi uliolowekwa ukachipua. Unaanikwa, unasagwa, ndipo unapikiwa pombe. Na Julai huku Ufipani baridi si ya mchezo, usipokauka upesi unaota ukungu.

Yote hayo nayajua, nimezaliwa huku. Lakini nilikuwa na raba mpya.

Siku ya pili, yupo. Siku ya tatu nikapita katikati makusudi, ulezi ukasambaa.

Akanitazama. "Huu si wangu. Nimekabidhiwa. Ukiharibika, hakuna pa kuupata mwingine."

"Hiyo inanihusu nini?"

Sikuuliza ni wa nani. Hapo pakumbukeni.

Siku ya nne niliamka vibaya. Nafika, Bertilla hayupo, kaenda kwake kufuata ungo. Ufagio wa wasafisha njia umeegemezwa kwenye nguzo ya taa.

Nikaushika.

Nilifagia vizuri kuliko ninavyofagia kwangu. Wote ukaenda mtoni. Na niseme ukweli, niliona raha.

Bertilla akatokea na ungo wake. Akatazama lami, akatazama mto.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Hakunitukana. Alipiga magoti akaanza kuokota punje zilizobaki kwenye nyufa, moja moja, akazifunga kwenye ncha ya kitenge. Nikaondoka najiona mshindi.

Jioni nimerudi kutoka dukani kwangu, namkuta mama yangu sebuleni. Alikuwa ametoka kijijini kwa maandalizi ya misa, baba alikuwa anatimiza mwaka tangu atutoke.

Kando yake kakaa Bertilla.

"Shikamoo," nikamwambia.

Hakuitikia.

"Leonia," mama akaanza taratibu, "mwenzangu ananieleza kuna mwanamke wa raba za pinki."

Raba zilikuwa pale pale mlangoni.

Ngojeni nirudi nyuma kidogo. Mwezi mmoja kabla, mama alinipigia simu kuhusu pombe ya siku ya misa. Nikamkatiza, "Mama, mambo ya pombe usinishirikishe, mimi nitaleta soda." Akasema haya. Akatafuta mpishi mwenyewe.

"Ule ulikuwa ulezi wa baba yako," mama akasema. "Wa mwisho aliouvuna kwa mkono wake. Debe moja tu. Niliutunza ili watu wamkumbuke nao."

Nikasema nitanunua mwingine sokoni. Gunia zima. Mawili, akitaka.

"Sokoni ulezi upo," mama akajibu. "Wa baba yako haupo."

Siku ya misa wageni walikunywa soda zangu. Wazee walipouliza pombe ya marehemu iko wapi, mama alininyooshea kidevu, basi. Natamani angenipiga.

Kisha akaniita jikoni. Bertilla alikuwa amezisaga zile punje za kwenye kitenge, akazikoroga. Kilitoka kikombe kimoja cha togwa.

"Kunywa," mama akasema. "Ndiyo ya baba yako."

Nikanywa. Mchanga ukawa unalia kwenye meno. Wote wawili walinisimamia mpaka nikamaliza.

Mpaka leo Bertilla anaanika pale pale, na mimi napita majanini. Kila asubuhi namwamkia. Kila asubuhi ananyamaza, na sina la kumlaumu.

Wewe unayesoma, ukikuta cha mtu kimekuzibia njia, uliza kwanza ni cha nani. Usiulize kwa kuogopa kwamba huenda ni chako. Ule ulezi hata kama usingekuwa wa baba, bado ulikuwa wa mtu, na ule ufagio nilipaswa kuuacha kwenye nguzo.